Fundi Baridi na Wakati Uliopita

Jina la Fundi Baridi alipewa na wateja, na halikumganda kwa sababu ya friji peke yake. Ni kweli alikuwa fundi wa friji, miaka thelathini na sita katika duka lile lile lenye mlango wa bati, kati ya fundi redio na mwuza madaftari. Lakini waliomjua kwa karibu walisema baridi yenyewe ilikuwa kifuani. Hakuwa mkatili. Hakuna aliyewahi kumsikia akitukana wala kumwona akiinua mkono. Kosa lake lilikuwa moja: akikasirika, alinyamaza, na akinyamaza, alinyamaza kwelikweli. Aliwahi kumnunia fundi redio miaka minne kwa sababu ya bisibisi iliyoazimwa ikarudi imepinda, na muda wote huo wawili hao walitumia ukuta mmoja na choo kimoja. Mkewe, mwanamke mcheshi, alikuwa akiwaambia majirani, "Mume wangu akinuna, maziwa nayaacha mezani tu. Hayachachi."

Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike. Alisomea uuguzi, akapata kazi nchi ya mbali wanakosema Kihispania, akaolewa huko na dereva wa basi la shule, akazaa binti. Kila Jumapili saa kumi alasiri, ambayo kwake ilikuwa asubuhi, alipiga simu nyumbani. Alizungumza na mama yake muda mrefu, kisha baba yake akapewa simu kwa dakika mbili za "Hujambo, huko mvua zinanyesha?"

Mwaka ule mama akaanguka jikoni. Siku tisa hospitali, ya kumi akafariki. Binti hakuja kumzika.

"Baba, siwezi kusafiri sasa hivi," alisema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nitakueleza. Si leo, lakini nitakueleza."

"Utanieleza nini? Mama yako yumo ardhini."

"Baba, nakuomba…"

"Usinipigie tena. Siku utakayosimama mbele ya kaburi la mama yako, ndiyo siku tutakayosalimiana."

Akakata. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, akalishika.

Binti alipiga Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Fundi Baridi alikuwa akiitazama simu ikitetemeka juu ya meza kati ya skrubu na vipande vya mpira, kisha anaigeuza kifudifudi na kuendelea na kazi. Ilipita miezi saba hivyo. Halafu ikaja wiki moja ambayo simu haikungoja Jumapili. Ililia Jumanne asubuhi. Ikalia tena Jumanne jioni. Jumatano ililia mpaka fundi redio akagonga ukuta na kuuliza kama mwenye simu amekufa. Alhamisi, ilipoanza tena, Fundi Baridi aliichukua, akafungua friji moja mbovu aliyokuwa anaing'oa vipuri, akaiweka simu ndani, akabamiza mlango. Mpira wa mlango ule bado ulikuwa mzima. Hakusikia kitu tena.

Ijumaa aliitoa simu, lakini haikulia. Akajiambia, "Amechoka. Na mimi nilijua atachoka."

Baada ya siku tano alikuja dada yake mdogo, yule mshonaji wa sare za shule, amejitanda kitambaa kichwani na miguu imejaa vumbi. Hakupiga hodi. Alikaa juu ya kompresa kuukuu kama mtu asiyeona anapokaa.

"Kaka," alisema, "mkweo ameniandikia mimi, kwa Kiswahili cha kuungaunga. Anasema wewe hupatikani. Kaka, mwanetu hayupo."

Alikuwa anaumwa miaka miwili, saratani ya damu. Aliwaficha wazazi kwa sababu mama alikuwa na presha. Wiki aliyozikwa mama, yeye alikuwa amelazwa, madaktari wamemkataza hata kushuka ngazi, sembuse kupanda ndege.

Dada mtu alilia mpaka akaishiwa, kisha akajifuta uso kwa kiganja. "Angalau mlikuwa mnazungumza," alisema. "Angalau hilo."

Fundi Baridi akaitikia, "Ndiyo."

Neno hilo moja lilimtoka hata kabla hajafikiri, na likishatoka hakujua namna ya kulirudisha.

Mkwe alikuwa mtu mwema. Hakuulizia lolote, ila Jumapili saa kumi akaanza kupiga simu yeye, na baada ya salamu zake za kubahatisha alimpa mtoto. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Mama yake hakuwa amemfundisha Kiswahili zaidi ya maneno mawili.

"Babu," ilisema sauti.

"Naam, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Asante."

Basi, hazina yote ya lugha ilikuwa imekwisha. Walikaa wanasikilizana wakipumua. Fundi Baridi alishika simu kwa mikono miwili kama kikombe kilichojaa, akiogopa asije akakimwaga.

Hapo ndipo alipoenda kwa Mwalimu. Huyu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa mkalimani katika ofisi ya mizigo ya meli. Baada ya kustaafu alifundisha Kihispania kila Jumamosi katika chumba kimoja cha nyumba yake, juu ya duka la madaftari, na wanafunzi wake walikuwa vijana watano waliotaka kwenda kutafuta kazi ng'ambo. Fundi Baridi aliketi mbele kabisa kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa limeharibiwa na ngurumo za kompresa. Vijana wakacheka chini kwa chini.

"Mzee na wewe unasafiri?" mmoja akamuuliza.

"Mimi sisafiri. Nataka sauti yangu isafiri."

Tangu siku hiyo walimwekea kiti.

Alijifunza kwa shida. Ulimi wa miaka sitini na tatu ni kama nati iliyoshika kutu: unaizungusha nusu, inarudi nusu. Lakini alikuwa na uvumilivu wa fundi. Aliandika maneno kwa kalamu nene kwenye milango ya friji mbovu zilizojaa dukani, mpaka wateja wakadhani ni bei. Baada ya miezi minne aliweza kumwambia mjukuu wake: nafanya kazi, natengeneza friji, leo kuna jua, nakupenda. Mtoto alicheka kwa matamshi yake na kuyarekebisha. Baba yake alimwambia aseme polepole, naye alisema polepole kama anayetembea na mgonjwa. Pale ambapo Fundi Baridi hakuelewa neno, alijibu "Sí", ndiyo, kwa sababu aliona ndiyo haiudhi mtu.

Jumapili moja alijikaza kuuliza jambo lililokuwa likimkereketa. Alitaka kujua kama binti yake alikuwa akimtaja. Alichokuwa nacho ni wakati uliopo tu, basi akautumia huo huo. "Mamá habla de mí?" Mama anazungumza habari zangu?

"Babu," mtoto akasema taratibu, "mamá está muerta." Mama amekufa.

Kesho yake, Jumatatu, alipanda ngazi za Mwalimu akiwa bado na mafuta mikononi.

"Mwalimu, nataka wakati uliopita."

"Fundi, tutaufikia. Bado masomo sita."

"Mwalimu, mtu ninayetaka kumuulizia yuko huko. Siwezi kumngojea huku."

Mwalimu alimtazama, akachukua chaki. Akaandika kitenzi kimoja ubaoni: llamar. Kuita, au kupiga simu. "Hizo l mbili mwanzoni usiziseme kama l. Sema yamar. Hiki ni kitenzi kitiifu, hakina ukorofi. Ukikijua hiki umevijua mia." Akakata mkia ule wa -ar kwa kufuta kwa kidole, akapachika mikia mingine mmoja mmoja. Llamé, nilipiga. Llamaste, ulipiga. Llamó, alipiga. Llamamos, tulipiga. Llamaron, walipiga, na ninyi mlipiga pia, maana kwa mkweo wanatumia hilo hilo.

"Sisi mtu tunamweka mlangoni," Mwalimu akasema. "Ni-lipiga, u-lipiga, a-lipiga. Unamjua kabla hujaingia. Wao mpaka ufike mwisho wa neno ndipo umkute mwenyewe."

"Yaani mwenye nyumba anakaa uani," akasema Fundi Baridi.

"Hapo sasa! Na angalia usichanganye. Llamo, ukikaza mwanzoni, ni mimi, napiga sasa hivi. Llamó, ukikaza mwishoni, ni yeye, na jambo limekwisha. Tofauti ni pumzi tu."

Alirudi dukani akaandika mikia ile mitano mlangoni mwa friji. Wiki nzima alipitia vitenzi vyote vitiifu alivyovijua. Nilizungumza, ulizungumza, alizungumza. Nilifanya kazi, ulifanya kazi, alifanya kazi. Fundi redio, ambaye walikuwa wamepatana kwenye msiba wa mke wa Fundi Baridi, alimsikia akiimba hivyo kupitia ukutani akasema, "Jirani, dawa unazokunywa na mimi nipe."

Jumapili ikafika. Aliketi kwenye kiti kirefu, amenyoa ndevu.

"Mamá habló de mí?" Mama alizungumza habari zangu? Alikaza pale panapokazwa.

Mtoto alishangaa, akacheka kwa furaha. "Sí, babu! Habló mucho!" Alizungumza sana.

Moyo wa mzee ulifunguka kama dirisha. Tangu mkewe aondoke hakuwa amesikia kitu kama hicho. Alitaka kuuliza alisema nini, lakini kusema ni kitenzi kikorofi, hakikuwa kwenye mikia ile mitano, akabaki anatafuta. Na mtoto, ambaye alifurahi kwamba sasa babu anaelewa mambo yaliyopita, akaendelea mwenyewe, neno kwa neno, polepole kama alivyofundishwa.

"Y te llamó. Llamó tres días. No contestaste."

Na alikupigia. Alipiga siku tatu. Neno la mwisho Fundi Baridi hakulitambua mara moja, lakini aliusikia mkia: -aste. Wewe. Kabla hajajua alichofanya, alikwisha kujua kwamba aliyetajwa ni yeye. Kisha neno lenyewe likamjia, maana Mwalimu alikuwa akilisema darasani kila Jumamosi anaponyoosha chaki: contesta, jibu. Hukujibu.

Hapakuwa na pa kujificha. Kitenzi kilikuwa kitiifu, naye alikijua.

"No contesté," alisema. Sikujibu.

"Por qué?" Kwa nini?

Mtoto aliuliza bila hasira. Aliuliza kama mtu aliyelibeba swali muda mrefu na sasa amepata wa kumkabidhi.

Fundi Baridi alitaka kusema: nilikuwa na hasira. Hasira alikuwa nayo, neno enojado, Mwalimu aliwahi kuwachorea uso uliokunja ndita. Lakini "nilikuwa" hakuwa nalo. Kitenzi kile hakifuati njia ya wenzake. Alitafuta kwenye milango ya friji iliyomzunguka, asikione. Mtoto anangoja. Basi akachukua alichokuwa nacho.

"Estoy enojado," akasema. Nina hasira.

Mtoto akauliza kwa sauti ndogo, "Conmigo?"

Neno hilo hakulijua. Alilisikia limepanda mwishoni, akadhani anaulizwa kama ameeleweka, na kwa mazoea yale yale, kwa kutotaka kuudhi, akajibu:

"Sí."

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, miguu ikikimbia, mlango, na kwa mbali kilio. Baada ya muda mkwe akaja. "Otro día, señor," alisema kwa upole. Siku nyingine, mzee.

Fundi Baridi hakufunga duka. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu, akamkuta anaanua nguo. Akamsimulia mazungumzo yote, neno lake na la mtoto, akihema.

"Na neno la mwisho lilikuwa lipi?"

"Kon… konmigo."

Shuka aliyoishika Mwalimu ilishuka mpaka chini. "Fundi. Ukajibuje?"

"Nilisema sí."

Mwalimu akaketi kwenye kizingiti. "Conmigo ni kama kusema 'na mimi'. Alikuuliza, una hasira na mimi?"

Ndipo akayamwaga yote. Miezi saba, meza, simu kifudifudi, siku tatu zile, na friji. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari za friji. Mwalimu alisikiliza bila kumtazama, na alipomaliza hakusema pole. Alichukua karatasi akaandika maneno machache: nilikuwa na hasira na mama yako, si na wewe, nisamehe. Akamfundisha kuyatamka pale pale kizingitini, mara ishirini, kisha wakarekodi na kuituma sauti ile kwa mkwe. Baadaye Mwalimu mwenyewe akampigia mkwe, akamweleza kosa lilipoingilia. Walizungumza muda mrefu. Fundi Baridi alikuwa anautazama uso wake, na kadiri alivyoutazama, tumaini lilimwishia.

"Ameelewa," Mwalimu alisema alipokata simu. "Na mtoto ameelezwa kwamba huna hasira naye. Hilo limekwisha."

"Basi atazungumza nami Jumapili?"

Mwalimu aliikunja ile karatasi mara mbili. "Fundi, mama yake zile siku za mwisho mikono haikuwa na nguvu. Hakuweza kushika simu. Aliyekuwa anabonyeza namba yako ni mtoto. Alikuwa anaishikilia sikioni kwa mama yake mpaka inakatika, kisha anabonyeza tena. Baba yake alimwambia baadaye kwamba huenda simu ya babu ilikuwa mbovu. Ndivyo alivyoamini muda wote huu. Leo umemwambia haikuwa mbovu." Akampa ile karatasi. "Hilo si kosa la lugha. Hilo ulilisema sawasawa."

Wiki ile alikwenda kwa dada yake. Alimkuta anashona kola, akasimama mlangoni akamwambia ukweli, maana aliona uongo ule umebaki peke yake na hauna kazi tena. Dada alisimamisha cherehani.

"Mimi nilisema angalau mlikuwa mnazungumza. Wewe ukaitikia ndiyo. Mbele ya macho yangu."

"Nilikosa."

"Kaka, wahenga walisema majuto ni…" Akaishia hapo. Alitambua neno linalofuata, mjukuu, akashindwa kulitamka. Akakanyaga cherehani, akashona mpaka mwisho wa kola, akaanza nyingine. Kaka yake akaondoka. Dada huyo aliendelea kumletea chakula alipougua, na kumfulia, kama inavyopasa. Lakini kucheka naye hakucheka tena.

Jumapili ya kwanza simu haikulia. Ya pili mkwe aliandika ujumbe, Mwalimu akamsomea: mtoto hataki, tumpe muda. Ya tatu, ya nne, hakuna. Fundi Baridi aliendelea kwenda darasani mpaka vile vitenzi vikorofi, akajua "nilikuwa" kwa namna zake zote mbili, ya jambo lililokwisha na ya hali iliyoendelea, akaweza hata kueleza tofauti yake vizuri kuliko vijana. Halafu vijana wakasafiri mmoja mmoja. Siku moja Mwalimu alimkuta chini ya ngazi akamuuliza mbona hapandi.

"Nipande nikajifunze nini, Mwalimu? Nina maneno mengi kuliko watu wa kuwaambia."

Mwaka ulipoisha mkwe alituma picha: msichana mrefu mwenye begi la shule, paji la uso la marehemu bibi yake, hatazami kamera. Mwaka uliofuata hapakuja picha. Alipojaribu namba ile, sauti ya mashine ilimwambia jambo kwa Kihispania, naye alielewa kila neno: namba hii haitumiki tena. Dada hakuwa na nyingine. Mwalimu aliandika barua kwenye anwani ya zamani. Ikarudi na mhuri.

Sasa ana miaka sitini na nane. Bado anatengeneza friji, ila nzito hazihamishi, anawaomba wateja wamsaidie. Wiki iliyopita alikuja mwanamke na mumewe wakiwa na friji ndogo isiyogandisha. Wakati anachungulia nyuma yake, mwanamke alikuwa akipiga naye gumzo, kama wateja wanavyofanya.

"Mzee wangu, una wajukuu?"

"Ninaye mmoja."

"Mungu amkuze. Yuko darasa la ngapi sasa?"

Fundi Baridi alihesabu kimoyomoyo, akapotea, akaanza upya. Hakujua huko wanaanza shule na miaka mingapi, wala kama alirudia, wala kama alihama, wala kama bado anaitwa jina alilopewa na mama yake au wamelifupisha.

"Sijui," akasema.

Mwanamke akamtazama mumewe. Fundi Baridi akapitisha kidole kwenye bomba, akakipeleka puani kunusa kama gesi inavuja.

"Hii huko nyumbani mmeiweka karibu na ukuta," akawaambia. "Ivuteni kidogo. Haipumui."